Wakuu, kwanini wahusika wetu wote ni yatima wenye kisasi?

Mpangaji_Namba4

Wakuu habari za saa hizi. Tuko watu kumi na moja kwenye grupu la Telegram tunaandika igizo kwa pamoja, yaani kila mtu ana mhusika wake, anaandika anachofanya na anachosema, mwingine anajibu, hadithi inasogea yenyewe, hakuna anayejua inaishia wapi. Igizo letu liko Magomeni mwaka 1983, nyumba moja ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani, wapangaji wanagombania kamba ya kuanikia nguo na zamu ya kufagia. Tulianzia mwezi wa tatu, pale Waziri Mkuu Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi, yaani wafichaji na walanguzi wa bidhaa, na mwanzo ulikuwa mtamu kweli.

Shida ni historia za wahusika. Utaratibu wetu, kabla hujaingia unaandika mhusika wako katokea wapi, unamtumia admini (ambaye ni mimi, kwa bahati mbaya). Sasa nimekaa nimezisoma zote kwa mpigo, aisee. Wahusika kumi na moja, saba ni yatima. Wanne walipigana vita vya Kagera na kila mmoja kaua Waganda kama arobaini hivi peke yake, ukijumlisha unashangaa jeshi zima lilienda kufanya nini. Kuna daktari wa Muhimbili ana miaka 22. Kuna mmoja alipata ajali akapoteza kumbukumbu. Na kuna mmoja historia yake yote ni mstari mmoja, "hakuna anayejua alikotoka", nikamuuliza balozi wa nyumba kumi naye hajui? akakasirika.

Na mimi mwenyewe sio msafi. Huyu hapa mhusika wangu nilivyomwandika:

"Kasimu, 27. Wazazi wake waliuawa akiwa mdogo. Alikua mtaani, akajiunga na jeshi, akawa komando hatari. Sasa anaishi Magomeni akimsaka aliyeua wazazi wake. Haongei sana. Hamwamini mtu."

Miezi mitatu nimemchezesha huyu jamaa na amechosha. Haongei, haamini mtu, anakaa chumbani. Wenzangu wakimgongea mlango hawana cha kumwambia. Naombeni msaada, historia ya mhusika inaandikwaje ikaaminika? Na iwe ndefu kiasi gani?

---

BintiWaUani

Umenichekesha na jeshi zima lilienda kufanya nini hahaha. Karibu, mimi nimecheza haya maigizo mwaka wa saba sasa, na nimewahi kuwa na mhusika aliyepoteza kumbukumbu, Mungu anisamehe.

Mimi huwa naanza na hesabu kabla ya hisia. Chukua karatasi andika mwaka wa kuzaliwa halafu shuka nao. Mfano huyo daktari wenu wa miaka 22. Kama igizo liko 1983 basi kazaliwa 1961. Darasa la kwanza na miaka saba, 1968. La saba 1974. Fomu foo 1978. Fomu siksi hapo 80 kwenda 81. Halafu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) mwaka mzima kwa mujibu wa sheria. Halafu kumbuka Azimio la Musoma la 1974, kijana ukimaliza siksi huendi chuo moja kwa moja, unafanya kazi kwanza miaka miwili na chama kikupendekeze. Kwahiyo 1983 huyu mtu hata lango la chuo hajaliona, yuko sehemu anafanya ukarani anasubiri barua ya mapendekezo.

Na ona sasa, karani wa miaka 22 mwenye ndoto ya udaktari ambaye chuo chake kiko mikononi mwa bosi na katibu wa tawi ni mhusika mzuri mara mia kuliko daktari! Anaogopa kitu. Anaona sukari inatolewa mlango wa nyuma na bosi wake, aseme asiseme? Hiyo yote umeipata kwa kujumlisha na kutoa tu, hujamuua mzazi wa mtu.

Kingine angalia mhusika alikuwa na miaka mingapi kwenye yale matukio ambayo kila mtu wa umri wake aliyapitia. 1967 Azimio la Arusha. 1973 mpaka 76 Operesheni Vijiji, hapo kama katokea kijijini ni lazima ujue kwao walihamishwa au wao ndio walihamiwa, na nyumba ya zamani ilibaki na nini ndani. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika. 78 vita. Hakuna mtu wa umri wa Kasimu wako ambaye hayakumpitia hata moja, hata kama alikuwa anachunga mbuzi.

---

kobe_mkavu

mimi swali langu dogo tu komando hatari anakaa chumba kimoja magomeni analipaje kodi? kisasi hakilipi mshahara

---

Mpangaji_Namba4

@kobe_mkavu kaka hilo sijawahi kuliwaza hata siku moja 😂

---

MzeeWaMapipa

Wanangu, mimi nimeletwa hapa na mjukuu, amenionyesha kwa sababu mmeandika Magomeni 1983. Mwaka huo nilikuwa na miaka 19 na nilikuwa naishi hapo hapo, nyumba ya namna hiyo hiyo, kwahiyo naomba niseme kidogo, kuandika kwangu ni kwa kidole kimoja mnivumilie.

Kwanza hao wapiganaji wenu. Binamu yangu alikwenda Kagera na mgambo, akarudi 1979. Tulimzunguka tukitaka habari za vita. Hakutupa. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani kaitumia baiskeli yake maana mnyororo ulikuwa umelegea. Baadaye sana, miaka, akawa anaongelea kutembea. Kwamba walitembea. Matope, viatu, kuamka usiku kutembea tena, na kijana mmoja wa Singida aliyekuwa anaimba akiwa amelala. Hiyo ndiyo vita yake tuliyoipata. Na alikuwa hawezi kuona chakula kimebaki kwenye sahani, anakimaliza hata kama ni cha mtoto. Sasa nyinyi mnaandika arobaini arobaini. Anayesema sana habari za vita mtaani kwetu alikuwa mmoja, na tulikuja kujua aliishia kambini Morogoro.

Pili, hali ya maisha. Sabuni hakuna, tulifulia majani ya mpapai. Unga wa yanga, ule wa njano, ndio tunao. Foleni unaiingia kwanza ndipo unauliza inauza nini. Msako ulipoanza watu walitupa vitu usiku, mimi kwa macho yangu nimeona sukari imemwagwa mtaroni, watoto wanachota na matope yake. Ukiwa na doti tano za khanga ndani na huna duka, roho juu. Jirani yako mliyekula naye Idi unaanza kumwangalia mara mbili. Na vijana wasio na kazi walikuwa wanakamatwa wapelekwe mashambani, Nguvu Kazi hiyo, kwahiyo yule kijana wenu "hakuna anayejua alikotoka" asingemaliza wiki. Angeulizwa kazi yako nini, kwenu wapi, nani anakujua. Kujulikana ndio ilikuwa kinga ya mtu.

Usafiri ni basi la UDA, ile kumbakumba ndefu ya kukunjika. Daladala zimeruhusiwa mwaka huo huo 83, jina ni kwa ajili ya nauli ya dala, shilingi tano. Nimeona mahali mmeandika mtu kapanda daladala kwenda shule 1975. Hapana.

---

Mpangaji_Namba4

Shikamoo mzee. Dah. Nimesoma hiyo ya baiskeli mara tatu. Daladala ya 1975 ni yangu mimi mwenyewe, naifuta leo.

---

MzeeWaMapipa

Marahaba mwanangu. Usifute, weka UDA.

---

nasra_wa_mtoni

Mie niko tofauti kidogo na BintiWaUani, hesabu ni sawa lakini hesabu inakupa mtu sahihi haikupi mtu wa kucheza naye. Nimewahi kusoma historia ya mhusika kurasa sita, miaka yote imekaa, shule zote zipo, hadi jina la mwalimu wa hesabu, na mtu mwenyewe kwenye igizo ni gogo. Kwasababu kila kitu kimeshamtokea. Kesi zake zimeisha. Anaingia ndani ya nyumba kama mtu aliyekuja kupumzika uzeeni.

Mie kwenye historia natafuta kitu kimoja, ambacho hakijaisha. Deni, ahadi, barua ambayo haijajibiwa, kitu cha mtu kakiweka kwako hajarudi kukichukua. Kisasi nacho ni kitu hakijaisha, sawa, ila kisasi kinamtaka muuaji, na muuaji hayumo kwenye vyumba sita vyenu, kwahiyo Kasimu atakaa chumbani mpaka Kiyama. Deni la shilingi mia mbili kwa mwenye nyumba linakutana nae kila asubuhi akienda chooni.

Mfano mwingine, kama mna mhusika Mhindi mwenye duka, 1971 serikali ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Sasa mfikirie mtu anayelipa kodi ya kukaa ndani ya nyumba aliyoijenga babake. Huyu hahitaji kumsaka mtu. Kila mwisho wa mwezi jambo lenyewe linamfuata na risiti. Na labda karani anayempokelea hiyo kodi ni yule kijana wa miaka 22! Hapo ndo historia mbili zinashikana mikono, na ndio raha ya kuandika wengi, la sivyo kila mtu angeandika kitabu chake kwao.

---

BintiWaUani

@nasra_wa_mtoni hapo sibishi, karani na risiti nimeipenda mno. Ila sema hesabu kwanza, ukianza na deni bila hesabu utadaiwa na mtu aliyekuwa hajazaliwa.

---

yatima_halisi

Nisamehe nikiingia kwa ukali. Mimi ni yatima, baba nikiwa na miaka minne mama nikiwa na tisa, na kinachoniudhi kwenye haya maigizo sio kwamba mnaandika yatima, ni kwamba mnamwandika mtu asiye na watu. Yatima wa wapi huyo? Kwetu hapa yatima ana wazazi wengi kupita kiasi. Mimi nimelelewa nyumba tano. Shangazi aliyenichukua kwa mapenzi, mjomba aliyenichukua kwa sababu ya shamba la baba, mke wa mjomba aliyekuwa ananihesabia vipande vya nyama, bibi, halafu dada wa kwanza. Mpaka leo nikipata pesa kuna watu sita wanaamini wao ndio walionisomesha na wote wana haki kidogo.

Mnaua wazazi ili mhusika awe huru, hana wa kumuuliza. Ukimuua baba hujamwondolea mtu mzigo, umemwongezea, kuna kikao cha ukoo, kuna arobaini, kuna nani anarithi cherehani, kuna watoto wa nje wanajitokeza msibani. Kama mnataka yatima andikeni basi nani alimchukua na kwanini alimchukua. Na alikuwa anakula saa ngapi. Mtoto wa kulelewa anajua saa za chakula za nyumba zote alizopita, mimi nazijua zangu zote.

---

kobe_mkavu

hiyo ya kuhesabiwa nyama imenikaa hapa kifuani

---

Mpangaji_Namba4

@yatima_halisi pole ndugu yangu, na ahsante, haukuwa ukali. Nimekaa nikaona ni kweli, niliua wazazi wa Kasimu kwa uvivu tu, nisije kuulizwa habari zao.

---

Sudi_Likoni

Hamjambo jamaani, mimi natoka upande wa Mombasa huku, nilikuwa nasoma kimya lakini mmeshagusa Jumuiya siwezi kunyamaza. 1977 mwezi wa pili mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na ukaja kufunguliwa 1983 mwezi wa kumi na moja. Miaka sita na zaidi! Shirika la reli lilikuwa moja, ndege moja, posta moja, watu wakihamishwa kikazi toka Tanga waja Mombasa, toka Moshi waenda Nairobi, waoa huko, wazaa huko. Halafu siku moja kila mtu arudi kwao. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja mumewe alikuwa wa reli, mtu wa bara ya kwenu, akaenda hakurudi, na yule mama hakuwa mjane wala hakuwa ameachwa. Akiulizwa asema "bwanangu yuko upande wa pili", kama vile ni upande wa pili wa barabara.

Waliovuka walivuka kwa njia za panya huko Lungalunga, lakini sio kila mtu ana moyo huo na mtoto mgongoni.

Kwahivyo mkitaka mhusika ambaye hana habari za mzazi wake na hamkumuua mtu, huyo hapo.

Na urefu mimi nasema mistari kumi yatosha. Mingine iache wenzio waijaze. Mwenzio akikuuliza ndani ya mchezo "kwani mamako yuko wapi" na wewe mwenyewe bado hujui, jibu litakalotoka hapo hapo litakuwa na uhai kuliko la kurasa sita.

---

BintiWaUani

Mistari kumi ndio, ila na kitu kimoja cha kushikika. Mimi kila mhusika wangu nampa kitu kimoja ndani ya chumba chake ambacho wageni watauliza. Sio jambia la ukoo jamani! Kitu cha kawaida kilichokaa mahali pasipo pake. Nilikuwa na mhusika mwanamke mwenye viatu vya kiume mlangoni, anavipiga rangi kila Jumapili. Sikuandika ni vya nani. Watu walimtungia waume watatu na mmoja wao nikamkubali.

---

Mpangaji_Namba4

Sawa wakuu, nimekesha nayo. Jaribio la pili, mnikosoe bila huruma:

"Kasimu, 27, kazaliwa Tanga 1956. La saba 1970, hakuchaguliwa. Baba yake fundi wa reli ya Afrika Mashariki, alihamishiwa Mombasa 1971 akaoa mke wa pili huko, Kasimu akawa anakwenda likizo, na mama wa kambo ndiye aliyemfundisha kushona cherehani kwa kuwa mikono yake ilikuwa haitulii. 1977 baba karudi Tanga na sanduku moja. Mke na mtoto wa kike wa miaka minne wakabaki. Baba hakuongelea tena, ila redio ikisema habari za Kenya alikuwa anaongeza sauti halafu anatoka nje. Kafariki 1981.

Kasimu alikwenda Kagera na mgambo, utingo kwenye lori la unga na risasi, akafika Masaka, akarudi. Hajaua mtu anayemjua. Sasa ni fundi cherehani barazani, nyumba hii hii, na cherehani sio yake, ni ya mama wa kambo, ilikuja Tanga kwa matengenezo mwaka 1976, mpaka wa Kenya ukafungwa, haijarudi. Chini ya kitanda ana doti sita za khanga alizoletewa na mteja apinde, wiki moja kabla ya msako. Mteja hajaonekana tena."

Nahisi anaongea sasa. Jana nimeandika posti yake moja tu ya kujaribu, kagongewa mlango saa tatu usiku, na kwa mara ya kwanza nilijua anafanya nini kabla hajafungua. Anasukuma doti ndani zaidi na mguu.

---

nasra_wa_mtoni

"Hajaua mtu anayemjua" 👏👏 na hiyo ya kuongeza sauti ya redio halafu anatoka nje. Muache hapo usiongeze kitu.

---

BintiWaUani

Hesabu imekaa, nimeipiga. Swali moja, mama yake mzazi yuko wapi? Umemtaja mke wa pili, wa kwanza umemruka kabisa.

---

Mpangaji_Namba4

Uwiii. Nimemsahau mama.

---

yatima_halisi

Usimuue.

---

Mpangaji_Namba4

Simuui! Yuko Tanga, yuko Chumbageni, anataka ile cherehani iuzwe.

---

MzeeWaMapipa

Hiyo ni kweli kabisa. Na atamtuma mjomba kuja kuifuata.

---

kobe_mkavu

admini mna nafasi? mimi naomba nicheze mjomba. nakuja na basi la tanga na mfuko wa machungwa nakaa siku tatu nasema ni siku mbili

---

Sudi_Likoni

Nauliza, mchezo wenu uko mwezi gani sasa hivi?

---

Mpangaji_Namba4

Tulianza mwezi wa tatu 1983, sasa tuko mwishoni mwa Septemba, tunakwenda kama wiki mbili za igizo kwa wiki moja yetu.

---

Sudi_Likoni

Basi Novemba iko karibu na mpaka wafunguliwa. Niandikie nafasi ya mama wa kambo, na mtoto ambaye sasa ana miaka kumi na hamjui kakake. Historia yake nakutumia kesho, mistari kumi. Kasimu asiambiwe.